Maswali Ishirini na Sita

Katika miaka ya tisini ya karne iliyopita, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, shirika la serikali lililosimamia bima ya afya ya watumishi wa umma liliona kuwa ni jambo la kheri kuwapa watafiti kumbukumbu za matibabu ya watumishi hao, ili elimu ya tiba ipate kunufaika. Na kwa kuwa lilijali staha za watu, likaondoa kwanza majina yao na anwani za nyumba zao, likabakisha maradhi, dawa na tarehe za kwenda hospitali, pamoja na mambo matatu yaliyoonekana hayana dhara lolote: tarehe ya kuzaliwa, jinsia, na namba ya eneo la posta. Gavana wa jimbo, William Weld, aliwahakikishia wananchi kwamba faragha yao imehifadhiwa. Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta katika chuo cha MIT, hakuridhika na kauli hiyo. Alijua kuwa gavana anakaa katika mji wa Cambridge. Akalipa dola 20, akauziwa daftari la wapiga kura wa mji huo, ambalo kila aliyelitaka aliweza kulipata, na ambalo ndani yake mliandikwa jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta ya kila mpiga kura. Akayalinganisha madaftari mawili hayo. Watu sita katika mji mzima walikuwa na tarehe ya kuzaliwa moja na ya gavana. Watatu kati yao walikuwa wanaume. Na mmoja tu alikaa katika eneo lake la posta. Maradhi ya gavana na dawa alizoandikiwa zikawa wazi mbele ya mwanafunzi.

Katika tendo hilo hapakuvunjwa kufuli wala hapakuibwa neno la siri. Daftari la kwanza lilitolewa kwa nia njema, la pili liliuzwa kwa halali, na la kwanza peke yake halikumtaja mtu, wala la pili peke yake halikutaja ugonjwa. Kukutana kwao ndiko kulikomfichua mtu na ugonjwa wake. Mwaka 2000 Sweeney alitoa hesabu iliyowashtua wengi katika nchi yake: kwa mambo hayo matatu tu, yaani tarehe kamili ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta yenye tarakimu tano, asilimia 87 ya watu wa Marekani wangeweza kupambanuliwa mmoja mmoja. Nimeanza na kisa hiki, kilichotokea kabla ya Facebook, WhatsApp, Instagram na TikTok kuwako duniani, kwa sababu kimebeba kanuni ambayo wengi wetu twaandika na kuweka picha mitandaoni kila siku bila ya kuijua: habari ya mtu haina udogo wala ukubwa wake yenyewe, bali uzito wake hutegemea habari nyingine itakayokutana nayo, nasi hatuna njia ya kujua itakutana na ipi, wala lini.

Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeandika mbele ya kadamnasi namba ya siri ya akaunti yake ya benki. Siri zetu kubwa twazijua, na kwa kuzijua twazilinda. Msiba uko katika zile habari ambazo hatukuzihesabu kuwa siri hata siku moja: mwaka tuliohitimu, mtaa tuliohamia, sare ya mtoto siku yake ya kwanza ya shule, namba ya gari jipya, jina la ukoo wa mama katika tangazo la tanzia, tikiti ya ndege iliyoshikwa pamoja na pasipoti. Kila moja ipitapo peke yake mbele ya macho yetu twaiuliza kama ina madhara, nayo hutujibu, kwa haki kabisa, kwamba haina. Swali lenyewe ndilo lililokosewa.

Sayansi imetupa swali lililo bora zaidi. Mwaka 1948 Claude Shannon, mtaalamu wa hisabati aliyefanya kazi katika maabara za Bell huko Marekani, alionyesha kwamba habari ya aina yoyote yaweza kupimwa kwa kipimo kimoja, nacho ni jibu la swali la ndiyo au siyo. Kipimo hicho kikaitwa biti. Kila swali lililoulizwa vizuri huondoa nusu ya mashaka tuliyokuwa nayo. Tuseme twamtafuta mtu mmoja katika Tanzania, ambayo katika sensa ya 2022 ilikuwa na watu 61,741,120. Jibu la kwanza litawaondoa nusu, wabaki milioni 30 na ushei. Jibu la pili litawaondoa nusu ya waliobaki. Na tukiendelea hivyo, majibu 26 yatatosha kutufikisha kwa mtu mmoja. Kati ya kila Mtanzania na kujulikana kwake yamesimama maswali 26, wala hayazidi. Hata mtu anayetafutwa katika dunia nzima, yenye watu zaidi ya bilioni 8, hahitaji zaidi ya maswali 33.

Sasa tuangalie jinsi maswali hayo yanavyojibiwa kwa hiari. Mwanamke kijana, ambaye hakuandika jina lake bali hutumia jina la kubuni, aweka picha ya keki siku ya kuzaliwa kwake, na juu ya keki mna tarakimu za umri wake. Siku na mwezi peke yake humweka katika kundi moja kati ya makundi 365, na huo ni uzito wa maswali zaidi ya 8. Umri, katika taifa la vijana kama letu, ambapo twaweza kukadiria kwamba watu wengi wamo ndani ya miaka 50, ni maswali mengine 5 na nusu. Jinsia ni swali moja. Kwa picha moja, basi, maswali kama 15 kati ya 26 yamekwisha kujibiwa, na katika nchi nzima wamebaki watu wapatao 1,700 wanaolingana naye. Akitaja mkoa anaokaa, nasi tuna mikoa 31, wanabaki kama 55. Hesabu hii ni ya kukadiria, maana watu hawakugawanyika sawasawa kwa umri wala kwa mikoa, na aliyeko Dar es Salaam, mkoa uliokuwa na watu zaidi ya milioni 5 katika sensa hiyo, atakuwa amejificha miongoni mwa watu 150 hivi badala ya 55. Lakini kundi la watu 150 si maficho. Beji ya kazini iliyoonekana pembeni mwa picha, msikiti au kanisa analosali, mwaka aliomaliza kidato cha nne na shule aliyosoma, kila kimoja cha hivyo chaweza kulimaliza kundi hilo kwa mkupuo mmoja. Jina la kubuni alilojisitiri nalo halikumsitiri.

Tarehe ya kuzaliwa ina uzito wa ziada katika Tanzania, kwa sababu Namba ya Kitambulisho cha Taifa itolewayo na NIDA ina tarakimu 20, na tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa mwenyewe. Keki ile imetoa tarakimu 8 za namba ambayo kwayo, pamoja na alama za vidole, mtu husajili laini yake ya simu. Sisemi kwamba tarakimu 12 zilizobaki hupatikana kwa wepesi, lakini mfano wa wenzetu watufaa. Mwaka 2009 Alessandro Acquisti na Ralph Gross, watafiti wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon, walionyesha kwamba kwa kujua tu tarehe na mahali alipozaliwa Mmarekani, mambo ambayo watu wengi huyaandika wazi katika kurasa zao, mtu aweza kuibashiri namba yake ya hifadhi ya jamii. Na kwa waliozaliwa baada ya 1988 tarakimu tano za mwanzo zilipatikana sawasawa kwa jaribio la kwanza kwa watu 44 katika kila 100. Namba ambayo taifa zima liliidhani kuwa siri ilikuwa imeandikwa nusu yake katika salamu za siku ya kuzaliwa.

Nasi pia tuna daftari letu lifanyalo kazi kama lile la wapiga kura wa Cambridge, ila halikuitwa kwa jina hilo. Aandikaye namba ya simu chini ya tangazo la kuuza mitandio ametoa pamoja nayo jina lake la kitambulisho, kwa kuwa huduma za kutuma fedha kwa simu humwonyesha mtumaji jina lililosajiliwa kabla hajathibitisha muamala. Jambo hilo liliwekwa kwa hekima, ili fedha zisipotee kwa kukosea tarakimu moja, nami sioni sababu ya kulilaumu. Lakini mwenye nia mbaya hahitaji zaidi ya kuanza kutuma shilingi mia chache na kukatisha safari yake njiani. Namba imempa jina. Jina limempa ukurasa wa Facebook. Ukurasa umempa watoto, shule zao, mji walikozaliwa wazazi, na habari kwamba bibi amelazwa tangu Jumatatu. Ule ujumbe wa matapeli unaotuagiza kutuma ile hela kwa namba nyingine hutumwa kwa kubahatisha, na wengi wetu twaufuta bila ya kuusoma mara mbili. Utapeli unaojua jina la mwanao, shule yake ya bweni na kidato chake ni jambo jingine kabisa: sauti ya heshima yapiga simu saa nne asubuhi ikijitambulisha kuwa ya matroni, yasema mtoto ameanguka na yuko njiani kwenda hospitali, yataka fedha za vipimo hima; na mzazi gani, katika dakika ile, atakumbuka kwamba sare, jina na kidato alivitangaza mwenyewe mwezi Januari?

Mpaka hapa nimesema juu ya habari ambazo mtu amezitoa kwa ulimi wake. Zipo nyingine ambazo hajazisema kabisa na hata hivyo zimesomwa. Mwaka 2013 Michal Kosinski na David Stillwell wa chuo kikuu cha Cambridge cha Uingereza, pamoja na Thore Graepel wa Microsoft, walichapisha uchunguzi uliofanywa kwa watu zaidi ya 58,000 wa Marekani waliojitolea, wakachukua zile alama za kupenda ambazo watu huziita laiki, wasichukue hata neno moja waliloandika, wakaipa kompyuta kazi ya kukisia mengine. Ikiwekewa watu wawili, mmoja Mkristo na mmoja Mwislamu, kompyuta iliwapambanua kwa usahihi mara 82 katika 100. Ikiwekewa wafuasi wa vyama viwili vikubwa vya nchi ile, mara 85. Miaka miwili baadaye Wu Youyou pamoja na Kosinski na Stillwell wakaendelea mbele, wakailinganisha kompyuta na wanadamu katika kuipima tabia ya mtu, wakaona kwamba laiki 10 zatosha kuishinda hukumu ya mfanyakazi mwenzake, 70 hukumu ya rafiki, 150 hukumu ya ndugu, na 300 hukumu ya mume au mke. Kila nilisomapo jambo hili hunitia simanzi. Mwenzi wa ndoa hupata maarifa yake kwa miaka ya subira, kwa kuuguza na kuuguzwa, kwa kugombana na kupatana. Na maarifa hayo humfunga kwa wajibu. Kampuni iliyoyapata kwa laiki 300 haina wajibu wowote kwa mtu huyo.

Nyendo zetu nazo zasema. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2013, ulioongozwa na Yves-Alexandre de Montjoye, ulichukua kumbukumbu za simu za watu milioni moja na nusu kwa muda wa miezi 15, zikiwa zimeondolewa majina, ukabainisha kwamba nukta nne tu za mahali na wakati zatosha kuwapambanua watu 95 katika kila 100. Nukta nne ni kidogo mno: kazini saa mbili asubuhi, sokoni Jumamosi, harusini mwezi uliopita, uwanjani siku ya mechi ya watani. Anayetangaza yuko wapi kila afikapo amezitoa kabla wiki haijaisha. Na haitufai kusema kwamba habari zetu zitapotea ndani ya wingi wa habari za wengine, kwa maana wingi wenyewe husema. Mnamo Novemba 2017 kampuni ya Strava, ambayo programu yake huandika njia za wanaokimbia na waendesha baiskeli, ilitangaza ramani ya dunia iliyochorwa kwa njia za wateja wake wote kwa pamoja, bila ya jina la mtu. Januari 2018 mwanafunzi wa Australia, Nathan Ruser, akaonyesha kwamba katika majangwa ya Syria na Afghanistan, ambako wenyeji hawakuwa na matumizi ya programu hiyo, zilikuwa ziking'aa njia za askari wa kigeni waliokuwa wakifanya mazoezi ya kukimbia ndani ya kambi zao. Majeshi yaliyozificha kambi hizo kwa gharama kubwa yalifichuliwa na afya njema ya askari wake.

Juu ya picha nitasema kwa ufupi. Picha iliyopigwa kwa simu aghalabu hubeba ndani yake, mbali na sura ionekanayo, saa iliyopigwa, aina ya simu, na nukta kamili ya mahali katika uso wa dunia. Desemba 2012 tajiri John McAfee, aliyekuwa akiwakimbia polisi wa Belize, alipigwa picha na waandishi wa jarida waliofuatana naye. Picha ikachapishwa ikiwa na nukta hizo ndani yake, na wasomaji wakajua mara moja kwamba yuko Guatemala. Mitandao mingi mikubwa siku hizi huziondoa nukta hizo picha inapowekwa, lakini hilo halimzuii mwenye mtandao kuzisoma kwanza, na picha iliyotumwa kwa WhatsApp kama faili huenda nazo. Hata sura yenyewe imekuwa na mengi kuliko zamani. Mwaka 2014 Jan Krissler, mtaalamu wa usalama wa kompyuta wa Ujerumani, aliwaonyesha wenzake mjini Hamburg alama ya dole gumba ya waziri wa ulinzi wa nchi yake wakati huo, Ursula von der Leyen, aliyoitengeneza kwa kutumia picha za kawaida za kamera zilizopigwa kwa mbali. Neno la siri likiibwa hubadilishwa, kidole hakibadilishwi.

Kwa nini, basi, watu wenye busara katika mambo yao yote mengine wanafunguka namna hii? Wako wanaoona kuwa ni ghururi na kutaka sifa, nami siikubali hukumu hiyo. Mwaka 2012 Diana Tamir na Jason Mitchell wa chuo kikuu cha Harvard waliwaweka watu katika mashine ya kupiga picha ubongo, wakawapa hiari ya kusema juu ya nafsi zao au kujibu maswali mengine kwa malipo, wakakuta kwamba kujisimulia huziamsha sehemu zilezile za ubongo ziamkazo mtu apatapo chakula au fedha, na kwamba watu walikuwa radhi kupoteza kati ya asilimia 17 na 25 ya malipo yao ili wapate nafasi ya kujieleza. Tamaa hiyo ni ya kimaumbile, na bila shaka ndiyo iliyojenga urafiki na mapenzi tangu binadamu alipoanza kunena. Asiyejieleza kwa mtu yeyote huishi na kufa mpweke. Kilichobadilika ni aliyekaa mbele yetu tunaposema. Alice Marwick na danah boyd, waliowachunguza watumiaji wa Twitter na kutoa matokeo yao mwaka 2011, waliona kwamba kila aandikaye huwa na hadhira anayoiwaza moyoni, hali ya kuwa hadhira iliyopo ni nyingine: ndugu, mwajiri, mkopeshaji, mchumba wa zamani na mgeni asiyejulikana, wote wakiwa wamekusanyika mahali pamoja.

Waliojenga nyumba za mawe za Lamu walilijua jambo hili bila ya mashine ya kupiga picha ubongo. Mpita njia aliketi katika daka, yaani baraza la mlangoni, nje, akapewa kahawa na mazungumzo. Mlango ulipofunguka njia ilipindwa ili jicho lisifike ndani. Mgeni aliyezoeleka aliingia hadi kiwandani, yaani uani. Jamaa wa karibu wakafika katika misana, yaani kumbi za ndani. Na chumba cha ndani kabisa kikabaki kwa wenyewe. Hapakuwa na uongo katika mpango huo wala ubaguzi, ila kila neno lilikuwa na chumba chake. Mwanafalsafa Helen Nissenbaum ameieleza faragha karibu kwa namna hiyo: kwamba haimaanishi kufichwa kwa habari, bali habari kusafiri kwa kanuni za mahali ilipotolewa, kiasi kwamba ugonjwa ulioelezwa kwa tabibu umefuata njia yake ukimfikia muuguzi, na umedhulumiwa ukimfikia mwajiri, ingawa maneno ni yaleyale. Mtandao umetupa nyumba ya chumba kimoja.

Nalo lililo zito zaidi ni kwamba katika chumba hicho hatusemi ya kwetu tu. Mwaka 2019 James Bagrow na wenzake walichapisha uchunguzi wa maandishi zaidi ya milioni 30 ya watumiaji wa Twitter, wakabainisha kwamba kwa kusoma maandishi ya marafiki wanane au tisa wa mtu, bila ya kuyagusa yake mwenyewe, yaweza kupatikana hadi asilimia 95 ya uwezo wote wa kuyabashiri aliyoyaandika. Aliyejitenga na mitandao kwa tahadhari amekwisha kuelezwa na wenzake. Kisa cha Cambridge Analytica, kampuni ya kampeni za kisiasa, kilichofichuka mwaka 2018 chathibitisha hayo kwa kiwango cha mataifa: watu wapatao 270,000 walijaza dodoso katika programu ya Facebook iliyotengenezwa na Aleksandr Kogan, nao kwa kuikubali wakawa wamewatoa marafiki zao, hata Facebook yenyewe ikakiri kwamba habari za watu wapatao milioni 87 huenda zilichukuliwa. Jambo hilo halikuwa la Wazungu peke yao. Mwezi Machi mwaka huohuo televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilionyesha filamu iliyopigwa kwa siri, ambamo Mark Turnbull, mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo, alisikika akijisifu kwa kazi waliyoifanya katika uchaguzi wa Kenya wa 2013 na wa 2017.

Wanaotolewa zaidi bila ya ridhaa ni watoto na wagonjwa. Mtoto wa leo aweza kuwa na tarehe yake ya kuzaliwa, saa, uzito, hospitali, majina matatu na sura vikiwa wazi mbele ya dunia kabla hajafumbua macho vizuri, na atakapofikia umri wa kuchukua kitambulisho cha taifa, karibu maswali yote 26 yatakuwa yamekwisha kujibiwa kwa niaba yake na watu wanaompenda. Sina shaka na mapenzi hayo. Najua kwamba bibi aliyeko Tanga na shangazi aliyeko Muscat wana haki ya kumwona mjukuu, na kwamba simu imewarudisha pamoja jamaa waliotawanywa na bahari. Lakini bibi na shangazi hawazidi watu kumi, na picha yaweza kutumwa kwao kumi. Kuhusu wagonjwa, uzito wa jambo ni mkubwa zaidi, kwa kuwa huku kwetu kuchangishana mtandaoni kumewaokoa wengi ambao wasingeweza kulipia upasuaji, na mwenye kuomba msaada hulazimika kuthibitisha ukweli wake. Hata hivyo barua ya hospitali huenda na jina kamili, umri, namba ya faili, jina la ugonjwa na namba ya simu, ikazunguka katika makundi ya WhatsApp miezi mingi baada ya mgonjwa kupona au kufariki. Mchango ungepatikana vilevile lau namba ya faili na umri vingefunikwa kwa kidole kabla ya barua kupigwa picha, na msimamizi mmoja anayeaminika angetoa ushahidi kwa anayetaka kuhakikisha.

Sheria zimeanza kuamka. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Septemba mwaka huohuo ofisi ya kamishna wa data nchini Kenya iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi wadogo bila ya ridhaa ya wazazi wao, na ofisi hiyo ilifanya insafu. Lakini sheria hiyo ya Kenya haimhusu mtu binafsi katika mambo yake ya nyumbani, na haingefaa imhusu. Askari hawezi kusimama kati ya mama na simu yake. Mahali hapo pamebaki pa hiari, na hiari yahitaji maarifa.

Kwa hiyo nawaomba walimu wakuu waache kuupamba ukurasa wa shule kwa majina na sura za watoto wasio wao, hata pale mtoto anaposifiwa kwa kushinda. Nawaomba wasimamizi wa makundi ya michango wafute barua za hospitali mara hesabu inapofungwa. Nawaomba vijana waulize kabla ya kumweka mtu mwingine katika picha yao, na wakikataliwa wasinung'unike. Nawe msomaji, ufungue wasifu wako leo, uuondoe mwaka wako wa kuzaliwa, uzime ruhusa ya mahali katika kamera ya simu yako, kisha uzipitie picha za mwanao moja baada ya moja, na kila iliyo na jina la shule yake uiondoe.